Kuacha Vidonge vya Steroidi Vilivyotumiwa kwa Muda Mrefu

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wazima wanaoishi Uingereza ambao, kwa sababu ya maradhi sugu, wamekuwa wakimeza vidonge vya steroidi kwa zaidi ya wiki tatu mfululizo. Kinawahusu pia jamaa wanaowahudumia nyumbani. Kidonge kinachotolewa mara nyingi zaidi ni prednisoloni, na jina linaloonekana kwenye pakiti yake ni Prednisolone. Hutibu pumu kali, baridi yabisi, lupasi, uvimbe sugu wa utumbo, uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani, na maradhi mengine mengi ambayo ndani yake kinga ya mwili huvuka mpaka wake.

Ikiwa umebakiwa na vidonge vya siku mbili tatu tu, au umekwisha kuviacha kabla ya kuzungumza na daktari, usingoje kumaliza kusoma. Piga simu leo kwa kituo cha daktari wako wa familia, yaani GP. Kikiwa kimefungwa, piga 111. Simu hiyo ni ya bure, usiku na mchana. Mfamasia naye anaweza, katika hali ya dharura, kukupatia dozi za siku chache kabla hujapata cheti kipya. Na ikiwa umeviacha na sasa unatapika, unazirai au huwezi kusimama, piga 999.

Sababu za kuacha

Hakuna anayependa kumeza steroidi. Uso huvimba na kuwa wa mviringo, hamu ya kula huzidi, usingizi hutoroka, sukari na shinikizo la damu hupanda, ngozi huwa nyembamba na kuvilia damu kwa kuguswa tu, na mifupa hupungua nguvu. Anayeyaona mabadiliko haya kwenye kioo ana haki ya kutaka kuachana na dawa. Juu ya hayo kuna sauti za wanaotupenda. Ujumbe huingia kwenye simu kutoka Mombasa au Bukavu: “Mwanangu, dawa hizo zinakula mifupa. Ziache, nitakutumia mizizi.” Mama huyo hasemi kwa ubaya, na sehemu ya maneno yake ni kweli. Anachokosa kujua ni kile kinachotokea mwilini baada ya kuacha.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni nafuu yenyewe. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, dawa ya ukoo mmoja na prednisoloni. Mgonjwa ambaye alikuwa hawezi kutembea kwa maumivu alipata nafuu katika muda wa siku chache. Mwaka 1950 Hench na wanasayansi wawili wengine walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hata hivyo madaktari wale wale waligundua mapema kwamba dawa ilipokatizwa, ugonjwa ulirudi, na kwamba waliokatiziwa ghafla baada ya muda mrefu waliweza kuanguka katika hali mbaya kuliko ile ya mwanzo. Nafuu hii ina tabia ya kumdanganya mwenye nayo: anajiona amepona, ilhali ni dawa inayomshikilia.

Tezi iliyolala

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza kortisoli, homoni ambayo mwanadamu hawezi kuishi bila hiyo. Kortisoli huzuia shinikizo la damu lisiporomoke na sukari isipungue mno, na huuwezesha mwili kukabili homa, jeraha au upasuaji. Hupanda alfajiri kabla hatujaamka, na hushuka usiku. Adrenali hazijiamrishi zenyewe. Hungoja agizo kutoka ubongoni, ambako kiasi cha kortisoli kwenye damu hupimwa saa zote na kuongezwa kinapopungua.

Prednisoloni inafanana sana na kortisoli. Ukiimeza kila siku, ubongo huona kwamba damu ina homoni ya kutosha, nao husitisha maagizo. Miezi ikipita hivyo, adrenali hunywea. Ni kama kisima cha uani ambacho hakijachotwa tangu mabomba yalipoletwa mtaani: siku mabomba yanapokatika, kamba imeoza na maji yamejaa tope. Kisima bado kipo, na kinaweza kufufuliwa, lakini hakifufuliwi kwa siku moja.

Mwili wenye afya hutengeneza kila siku kortisoli ambayo nguvu yake inakaribiana na miligramu 5 za prednisoloni. Kipimo hiki kinafaa kukumbukwa, kwa maana kinaeleza jambo linalowashangaza wengi. Mtu anayeshuka kutoka miligramu 20 hadi 10 bado anameza zaidi ya kile ambacho mwili wake ungetengeneza wenyewe; akiona shida, mara nyingi ni ugonjwa wa asili unaochomoza. Anapokaribia 5 na kuteremka chini yake, mambo hubadilika. Sasa adrenali zinatakiwa kujaza pengo, na kama hazijaamka, hakuna kingine cha kulijaza. Ndiyo maana vidonge vichache vya mwisho, ambavyo mgonjwa huviona havina maana tena, ndivyo vinavyohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote.

Tezi huweza kuamka baada ya wiki chache, au zikachukua mwaka na zaidi. Haiwezekani kujua kwa kumtazama mtu usoni. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu cha kortisoli, ambacho huchukuliwa asubuhi, kwa kawaida kati ya saa mbili na saa tatu, yaani 8 na 9 kwa saa ya Kiingereza. Kwa kawaida utaambiwa usimeze kidonge cha asubuhi hiyo mpaka damu iwe imetolewa; basi kibebe, ukimeze papo hapo baada ya sindano, wala usikisubirishe hadi kesho. Majibu yakiwa ya katikati, hospitali inaweza kufanya kipimo kingine ambacho tezi huchokozwa kwa sindano ili ionekane kama itaitika.

Namna ya kushuka

Hakuna ratiba moja inayomfaa kila mtu. Mwendo hutegemea ugonjwa wako, dozi uliyoanza nayo, muda uliotumia dawa, na namna mwili unavyoitika kila unapoteremka ngazi. Hata hivyo mfano mmoja utasaidia kuonyesha kasi inayokusudiwa. Upo ugonjwa wa maumivu na ukakamavu wa mabega na nyonga unaowapata watu waliovuka miaka 50. Kwa kawaida madaktari wa Uingereza huuanzia na miligramu 15 kwa siku kwa wiki 3, kisha 12.5 kwa wiki 3, kisha 10 kwa wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo hupunguza miligramu 1 tu kila baada ya wiki 4 hadi 8. Ukipiga hesabu utaona kwamba kutoka 10 hadi sifuri peke yake ni safari ya miezi 9 hadi 18. Huo ni mfano wa mwendo tu. Ratiba yako ni ile iliyoandikwa na daktari wako.

Mwendo huu wa kinyonga una sababu. Aliye kwenye miligramu 40 akipunguza 5, amepunguza sehemu moja kati ya nane. Aliye kwenye 5 akipunguza 1, amepunguza moja kati ya tano. Aliye kwenye 2 akipunguza 1, amekata nusu nzima ya dawa yake. Kila unaposhuka, hatua ile ile huwa kubwa zaidi kwa mwili.

Vidonge vya prednisoloni hutolewa kwa nguvu mbalimbali, na makosa mengi huanzia kwenye pakiti. Katika kipindi cha kushuka huenda ukapewa vya miligramu 5 na vya miligramu 1 kwa pamoja, na vinaweza kufanana kwa umbo na rangi. Anayemeza vitatu vya 1 akidhani ni vitatu vya 5 amejikata dozi kutoka 15 hadi 3 bila kujua. Andika kwenye kalenda jumla ya miligramu za kila siku, si idadi ya vidonge, na uweke pakiti hizo mahali tofauti. Meza dozi yote asubuhi pamoja na chakula, isipokuwa umeelekezwa vinginevyo. Asubuhi ndiyo saa ambayo mwili wenyewe hutoa kortisoli kwa wingi, na dawa ikimezwa usiku huichelewesha tezi kuamka na humnyima mtu usingizi. Vidonge vyenye gamba la kuvilinda dhidi ya asidi ya tumbo visikatwe wala kusagwa. Ukisahau asubuhi, meza unapokumbuka siku hiyo hiyo. Ukikumbuka kesho yake, meza dozi ya kesho tu, usiirudufu.

Wenye kisukari wana jambo la ziada. Steroidi hupandisha sukari, na pengine uliongezewa insulini au vidonge vya sukari kwa sababu hiyo. Steroidi ikipunguzwa, sukari nayo hushuka, na dawa iliyokuwa ikitosha sasa inazidi. Mwenye kutumia insulini au gliklazidi apime sukari mara nyingi zaidi katika kila hatua, na amwarifu muuguzi wa kisukari kabla ya kuanza kushuka.

Dawa za kuimarisha mifupa na za kulinda tumbo ulizopewa pamoja na steroidi zisiachwe kwa sababu tu steroidi inapungua. Zina ratiba yake.

Mwili unaposema, unasema nini?

Katika kushuka, karibu kila mtu hupitia siku asizozipenda, na swali gumu ni kujua zinatokana na nini. Huenda ugonjwa wa asili unarudi: viungo vile vile vilivyokuwa vikiuma vinauma tena, kifua kile kile kinabana, damu inaonekana tena chooni. Huenda mwili unazoea tu dozi mpya: maumivu ya misuli yasiyo na mahali maalumu, uchovu, hasira za haraka au huzuni, ambavyo huanza siku chache baada ya kupunguza na kufifia katika wiki moja au mbili. Au huenda kortisoli haitoshi.

Hali hii ya tatu ndiyo ya kuogopwa, nayo huja kimyakimya. Uchovu usioisha hata kwa kulala, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito, kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kizunguzungu unapoinuka kitandani au kutoka kwenye rukuu. Dalili hizi hufanana na uchovu wa zamu za usiku, na watu wetu wengi hufanya zamu za usiku. Hufanana pia na mfadhaiko, na wako waliopewa dawa za mfadhaiko ilhali tezi zao zilikuwa zimelala. Kwa hiyo unapoeleza dalili kwa daktari yeyote, taja steroidi mwanzoni, wala usiiache mwishoni kama jambo dogo: ni dozi gani, kwa muda gani, na umepunguza lini.

Kumbukumbu ya maandishi hufanya kazi kubwa hapa. Daftari la shule linatosha: tarehe, miligramu, na mstari mmoja juu ya ulivyojisikia. Daktari mwenye dakika kumi za kukuona ataona ndani ya ukurasa mmoja yale ambayo mazungumzo yasingeweza kuyafikia.

Siku za homa

Mtu mwenye afya akipata maambukizi makali, adrenali zake huongeza kortisoli mara kadhaa bila yeye kujua. Mtu ambaye tezi zake zimelala hawezi kufanya hivyo, na lazima nyongeza hiyo aimeze. Kwa maneno mengine, unapougua homa, mafua makali au maambukizi yanayohitaji antibayotiki, si wakati wa kupunguza steroidi, na kwa kweli huenda ni wakati wa kuiongeza. Wengi hufanya kinyume. Wanaona wamelemewa na dawa nyingi, wanaweka prednisoloni kando ili “kupumzisha tumbo”, na saa chache baadaye wanabebwa na gari la wagonjwa.

Kwa aliye kwenye dozi ndogo, maelekezo ya kawaida nchini ni kufikisha jumla isiyopungua miligramu 10 kwa siku, mara nyingi ikigawanywa miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, mpaka homa iishe, kisha kurudi kwenye dozi uliyokuwa nayo. Aliye tayari kwenye 10 au zaidi huenda asihitaji kuongeza, ingawa anaweza kushauriwa kuigawanya mara mbili. Kwa kuwa maradhi yanatofautiana, omba mpango wako wa siku za homa uandikwe kwenye karatasi kabla hujaugua, na uubandike jikoni mahali ambapo wengine wa nyumbani wataona. Omba pia vidonge vya akiba kwa ajili ya siku hizo. Ratiba ya kushuka isimame mpaka upone.

Kutapika ni jambo jingine kabisa. Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, meza tena. Ukitapika tena, dawa haiingii mwilini, na hakuna kidonge kitakachosaidia: piga 999. Fanya hivyo pia mtu akiwa amechanganyikiwa, amelegea asiweze kuamshwa vizuri, au anazirai kila anapoinuka. Anachohitaji ni sindano ya haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 100, pamoja na maji ya mishipani, na anaihitaji mapema. Msiende kungoja zamu kituoni kwa GP, wala msimsafirishe kwa basi.

Wakati wa upasuaji, na hata wa kung'oa jino, mwambie daktari au daktari wa meno siku kadhaa kabla kwamba unatumia steroidi au umeiacha ndani ya mwaka uliopita.

Kadi nyekundu

Mwaka 2020 NHS England ilianzisha kadi nyekundu ya dharura ya steroidi, yenye ukubwa wa kadi ya benki. Inamwambia mhudumu yeyote wa gari la wagonjwa kwamba mwenye kadi anategemea steroidi, na inataja sindano anayopaswa kupewa. Ni tofauti na kadi ya bluu, ambayo hueleza tu matibabu yako ya kila siku. Mfamasia, GP au kliniki ya hospitali anaweza kukupatia kadi nyekundu. Kama hujapewa, iombe. Ibebe mahali ambapo mtu mwingine ataikuta hata ukiwa huwezi kusema, na picha yake ikae kwenye simu. Kwa msemaji wa Kiswahili kadi hii ina faida ya pili: unapopiga 999 ukiwa umetishika na Kiingereza kimekukimbia, anayekusaidia anaweza kumsomea mpokea simu maneno yaliyoandikwa juu yake.

Saumu ya Ramadhani

Wagonjwa wetu wengi ni Waislamu, na swali la saumu huja kila mwaka. Prednisoloni inayomezwa mara moja kwa siku mara nyingi huweza kumezwa wakati wa daku, na walio imara kwenye dozi isiyobadilika, wasio na kisukari, hushauriana na daktari wao na kufunga. Lakini aliye katikati ya kushuka, hasa chini ya miligramu 5, yuko katika hatari tofauti: siku ndefu bila maji na bila chakula inaweza kumporomosha shinikizo la damu na sukari kwa pamoja, na dalili za kwanza zitafanana na uchovu wa kawaida wa saumu. Zungumza na kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Wakati mwingine jibu ni kusimamisha ratiba ya kushuka hadi baada ya Idi. Wakati mwingine jibu ni kutofunga mwaka huo, na ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya dini yenyewe. Imamu wa msikiti wenu anaweza kukueleza namna ya kulipa. Aliyefunga na akaanza kutapika au kuona giza, afungue.

Safari ya nyumbani

Vidonge vingi huachwa ghafla si kwa kukusudia bali kwa sababu begi limepotea uwanja wa ndege, au safari ya wiki tatu kwa ajili ya msiba imekuwa ya miezi miwili. Weka dawa kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake zenye jina lako, na uchukue zaidi ya mahitaji ya safari nzima. Maradufu si nyingi mno. Beba nakala ya cheti na barua fupi ya daktari. Ukiishiwa ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, prednisoloni hupatikana katika hospitali na maduka mengi ya dawa, lakini hakikisha nguvu ya kidonge kabla ya kumeza, kwa kuwa kidonge cha 1 si rahisi kupatikana kila mahali kama cha 5.

Homa ukiwa huko ni homa ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo, na wakati huo huo ni siku ya kufuata mpango wako wa siku za homa. Yote mawili, si moja badala ya jingine. Ukipata homa baada ya kurejea Uingereza, mwambie daktari ulikotoka bila kungoja akuulize. Kuharisha na kutapika kwa msafiri ni hatari zaidi kwako kuliko kwa ndugu uliokula nao sahani moja; uliza kliniki kama unafaa kubeba sindano ya dharura na kama mwenzako wa safari anaweza kufundishwa kuichoma. Kuhusu chanjo: chanjo zilizo na virusi hai, ikiwemo ya homa ya manjano, huenda zisifae kwa mtu anayetumia steroidi au aliyeiacha karibuni. Wasiliana na kliniki ya wasafiri mapema.

Steroidi zisizoonekana

Si vidonge pekee vinavyolaza tezi. Dawa ya pumu ya kuvuta, ambayo wengi huiita inhela, katika dozi kubwa inaweza kuchangia. Sindano za kwenye goti au bega pia. Dawa mbili zinazotumiwa pamoja na baadhi ya dawa za VVU, ritonaviri na kobisistati, huzuia ini kuivunja steroidi, ikarundikana mwilini hata ile ya inhela. Kinyume chake, rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huivunja upesi, na mtu akajikuta na upungufu ingawa hajapunguza kidonge hata kimoja. Mfamasia ajue kila unachotumia.

Kila tunachotumia ni pamoja na mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa kwa siri huwa na klobetasoli, steroidi kali ambayo hapa Uingereza hairuhusiwi kuuzwa bila cheti cha daktari. Ikipakwa mwilini kila siku kwa miezi, huingia kwenye damu na kuilaza adrenali sawasawa na kidonge. Ikiachwa ghafla, ngozi huwaka moto na kuwa nyekundu, na mtu huirudia ili apate nafuu. Hatuulizi habari hizi ili kumwaibisha mtu. Tunauliza kwa sababu aliyeacha vidonge kwa ratiba nzuri bado anaweza kuanguka akiacha krimu.

Tahadhari kama hiyo inahusu dawa zinazouzwa kama za mitishamba kwa maumivu ya viungo. Baadhi yake, zilipopimwa katika nchi mbalimbali, zilikutwa zimetiwa deksamethasoni au prednisoloni. Mgonjwa anasema ameacha steroidi na mizizi imemponya, na kumbe anameza steroidi ile ile, kwa kipimo asichokijua mtu, mpaka siku muuzaji atakapokosekana.

Kuzungumza na daktari

Una haki ya kutaka kuacha dawa, na una haki ya kulisema hilo waziwazi. Huhitaji kuja na sababu kubwa. “Uso wangu umebadilika na sijipendi” ni sababu. Ikiwa umekwisha kupunguza mwenyewe, sema umefika wapi. Daktari hawezi kupanga hatua inayofuata kutoka miligramu 10 ikiwa kwa kweli unameza 4, na wengi hunyamaza kwa heshima au kwa kuogopa kukaripiwa.

Mkalimani hutolewa bure na NHS, ana kwa ana au kwa simu. Omba wakati wa kupanga miadi. Taja pia Kiswahili chako ni cha wapi, kwa maana anayetoka Lubumbashi na anayetoka Pemba huenda wakakwama katika maneno ya hospitalini, na wasemaji wa Chimwini wa Barawa zaidi. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Kwenye hesabu za miligramu kosa la mtoto ni kosa la dozi, na kuna mambo ambayo mama hatayasema mbele ya mwanawe.

Waliopunguza vidonge ili kuokoa fedha nao waseme. Dawa za cheti hazilipiwi Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. England wanaolipa ni baadhi tu: waliofikisha miaka 60, wajawazito na wengi wenye kipato kidogo hawalipi, na anayelipa mara kwa mara anaweza kununua cheti cha malipo ya awali kinachopunguza gharama. Mfamasia atakueleza fomu ya kujaza.

Baada ya kidonge cha mwisho

Siku ya kidonge cha mwisho tezi huenda zikawa zimeamka nusu tu: zinatosha kwa siku ya kawaida, hazitoshi kwa siku ya nimonia au ajali. Kwa sababu hiyo endelea kubeba kadi nyekundu kwa miezi 12, isipokuwa kliniki imekuthibitishia kwa kipimo kwamba zimepona kabisa. Katika muda huo, ukiugua sana, ukiumia au ukitakiwa kufanyiwa upasuaji, sema kwamba ulikuwa unatumia steroidi na uonyeshe kadi. Uchovu na kizunguzungu kinachozidi badala ya kupungua baada ya wiki chache ni sababu ya kupima damu tena.

Vidonge vilivyobaki, muulize daktari ni vingapi uweke kwa ajili ya siku za homa. Vilivyozidi virudishe kwenye duka lolote la dawa; hupokewa bure. Usivitume nyumbani kwa shangazi anayeumwa magoti.